Sakafu Isiyoangusha Mtu

Iko nchi moja, si hii. Tuelewane mapema, kabla mtu hajaanza kumkonyeza mwenzake: si hii. Jina lake halitajwi kwa sababu hata wenyewe hawalitaji. La zamani lilifutwa, jipya limefunikwa kitambaa cha kijani likisubiri kuzinduliwa, na mwenye mkasi wa kukata utepe hajapata nafasi. Basi wananchi wake wakiulizwa wanatoka wapi hujibu, "Huku kwetu," na maisha yanakwenda.

Huku kwetu kulikuwa na amani. Amani ilikuwa nyingi mpaka kila kona ikawekewa askari wa kuilinda isitoroke. Mtawala wake aliitwa Msawazishaji Mkuu, mzee mpole mwenye uso wa mviringo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipanda ngazi wala akishuka, maana kila alipokwenda walitangulia watu wa kusawazisha. Ngazi ziling'olewa, vilima vikakwanguliwa, na watu warefu wakaombwa wapige magoti kidogo, kwa heshima.

Siku moja mzee huyo aliwasha televisheni akaona watoto wa nchi jirani wakinyanyua vyuma, wakivishwa medali na kupigiwa wimbo wa taifa lao. Akasema, "Hata sisi tunao watoto." Hakusema zaidi ya hapo, akaomba chai. Lakini waliokuwa karibu walisikia, na kabla chai haijapoa maneno yale yalikuwa sera.

Ndivyo lilivyojengwa Jumba la Mazoezi la Taifa, ambalo vijana walijiitia jimu. Kuta zikasimama, paa likaezekwa, na ukutani ikachorwa picha kubwa ya Msawazishaji Mkuu akinyanyua kitu. Mchoraji hakuambiwa ni kitu gani na aliogopa kuuliza, kwa hiyo mpaka leo mzee amenyanyua hewa, tena bila jasho. Kilichobaki kilikuwa sakafu tu. Na sakafu, wewe unajua, ni kitu ambacho watu hawakiangalii mpaka wakutane nacho kwa uso.

Nyuma ya jumba hilo aliishi Bi Mashavu, mjane, muuza uji wa pilipili manga. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, Nusura. Binti huyo alikuwa na nguvu za kuzaliwa nazo. Sufuria la uji likiwa limejaa alilibeba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anajikuna sikio. Mama yake yeye alikuwa na hofu za kuzaliwa nazo. Tangu Nusura akiwa mdogo, akipanda mpera, mama yuko chini kakinga khanga. Akipanda kitandani, mama kakinga khanga. "Shuka taratibu. Shika vizuri. Utaanguka wewe." Mtaa mzima walimcheka, naye akacheka nao, ila khanga hakuikunja.

Kwa hiyo Nusura alipochaguliwa kuingia Kikosi cha Vyuma cha Taifa, majirani walipiga vigelegele, na Bi Mashavu alipiga vigelegele pia. Akamaliza, akafuta mdomo, akajiuliza: huko ndani, chini, wataweka nini?

*

Wananchi waliitwa kushiriki kuchagua sakafu. Walipofika ukumbini walikuta vipande vimetandazwa sakafuni mstari mmoja: kipande cha mpira mweusi mnene, kipande cha mbao, zulia, saruji iliyosuguliwa, na marumaru nyeupe inayowaka kama jino la dhahabu. Mbele yao alisimama Waziri wa Viungo na Afya Njema, Mheshimiwa Makeke, amevaa suti na viatu vya ngozi vyenye visigino vigumu. Alikuwa mtu wa kazi. Alisema hawezi kuamini maneno ya wauzaji, atavipima mwenyewe kwa miguu yake.

Akapanda juu ya mpira. Akatembea, akarudi, akasimama, akasikiliza.

"Mnasikia nini?" akauliza.

"Hatusikii kitu, Mheshimiwa."

"Haswa! Mimi napita, mtu mzima, Waziri, na hiki kitu kimeninyamazia. Hata kuitikia hakiitikii. Hiyo ni dharau. Toa!"

Mpira ukatolewa. Akapanda juu ya mbao, mbao zikalia nyii. Akasema sakafu hii inalalamika, na malalamiko yana ofisi yake, hayawezi kuja kwa njia ya miguu. Zulia likarudishwa kwa kuwa zulia ni la Msawazishaji Mkuu peke yake, na wananchi wakianza kulikanyaga, yeye atakanyaga nini? Saruji alisema kila maskini anayo kwake, sasa utazindua nini. Kisha akapanda juu ya marumaru.

Ko! Ko! Ko!

Ukumbi wote ukasikia. Waziri akasimama, akainama, akatazama chini kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na machozi.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimejiona."

Makofi yakapigwa, na huko makofi ndiyo kura.

"Kuna swali?" Waziri akauliza, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Bi Mashavu akainuka. Mwenyewe hakujua ameinukaje; ni ile hofu iliyomnyanyua, kama zamani ilivyokuwa ikimpeleka chini ya mpera.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Pongezi zako tumezipokea. Kaa."

"Sijatoa pongezi bado, baba yangu."

Watu wakacheka, Waziri akacheka pia, maana bado ilikuwa mchana mwema.

"Mimi nina kaswali kadogo tu," akasema Bi Mashavu. "Mtoto akiangukia hapo, itakuwaje?"

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akafungua kola ya gauni lake akajitemea mate kifuani kuepusha mkosi. Mwingine akasema, "Usituchurie, wewe mwanamke!" Mama Feruzi, jirani wa ukuta kwa ukuta wa Bi Mashavu, shoga yake wa miaka yote, akavuta miguu yake ndani kidogo ya kiti.

"Mama, unaitwa nani?" Waziri akauliza taratibu.

"Mashavu binti Hamadi."

"Una mtoto katika kikosi?"

"Ninaye. Nusura."

"Unampenda?"

"Simpendi vipi, Mheshimiwa? Mboni yangu ndiyo hiyohiyo."

"Sasa mbona unamwombea aanguke?"

"Simwombei, baba, nauliza—"

"Ndugu wananchi!" Waziri akaugeukia umma, mikono juu. "Huu ndio uchuro tunaoupiga vita! Ukitandika godoro chini ya mti, si umeshamwita mtu adondoke? Ukiweka sakafu laini, umeshawaambia watoto wa taifa hili: angukeni! Nchi jirani waliweka mpira. Matokeo yake nini? Watu wao wanaanguka kila siku, wanainuka, wanacheka, wanaanguka tena. Wamezoea! Mimi siwezi kusimamia ujenzi wa taifa la watu waliozoea kuanguka. Huku kwetu mtu haanguki. Hana sababu!"

Makofi yale yalimkuta Bi Mashavu bado amesimama. Alipoketi, viti vya kulia na kushoto vilikuwa vitupu.

*

Uchuro ni kitu kinachoambukiza kama ukurutu. Hivyo ndivyo watu wa huku kwetu walivyoamini, na wala hakuna aliyelaumiwa kwa kujikinga. Asubuhi ya pili Bi Mashavu alipika uji, akapanga vikombe, akakaa na kata mkononi. Wateja walipita ng'ambo ya pili ya barabara wakitazama mawingu. Uji ukaganda utando juu. Akaukoroga. Ukaganda tena. Mchana akanywa mwenyewe, jioni akanywa mwenyewe, na asubuhi, kwa mazoea ya mikono, akapika sufuria lilelile, limejaa.

Ikaja harusi ya mtaa. Mama wa bibi harusi akatuma salamu: "Bi Mashavu usijisumbue kuja, tutakuletea pilau nyumbani." Pilau ililetwa, ikawekwa kizingitini, aliyeileta akakimbia. Akaila peke yake huku akisikia ngoma, akigonga kijiko kwenye sahani pale ngoma ilipomchukua, kisha akakumbuka, akaacha.

Na Nusura naye alikuwa ameitwa kambini. Siku ya kuondoka, mama alimfunga chapati kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Neno lilimjaa kinywani: nenda taratibu. Akalimeza. Lilishuka kama mwiba wa samaki.

Alimfuata kule kambini baadaye, akasimama nje ya uzio wa nondo. Nusura alitoka akiwa amekonda uso, ameongezeka mabega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, umenimaliza. Wenzangu hawataki kulala kitanda cha jirani na changu. Wananiita Binti Uchuro."

"Nisamehe, mwanangu. Lakini ile sakafu—"

"Mama!"

"Nimenyamaza."

Wakatazamana katikati ya nondo. Bi Mashavu akapitisha mkono akamfuta binti yake kitu shavuni ambacho hakikuwepo.

"Umekula kweli?"

"Nimekula, mama. Nenda. Watu wanaangalia."

Akaenda. Njiani alijisemea kuwa mtoto hakumwambia asije tena. Alisema nenda tu. Kuna tofauti. Akaishika tofauti hiyo mpaka nyumbani, kama mtu aliyebeba yai.

*

Marumaru ikatandikwa, mazoezi yakaanza. Nyumba ya Bi Mashavu ilikuwa karibu, kwa hiyo matangazo yote ya jumba yalimfikia kwa kipaza sauti, atake asitake.

Kwanza lilitoka tangazo la jasho. Wanamichezo walikuwa wakitokwa na jasho, jasho likidondoka kwenye marumaru, na marumaru ikipata jasho inakuwa kama sabuni. Serikali ikaona chanzo cha tatizo, ikapiga marufuku jasho. Kocha Mbaruku, aliyekuwa akifundisha vyuma, alisema, "Mheshimiwa, mazoezi bila jasho ni kupika bila moto." Alipandishwa cheo siku hiyohiyo, akapelekwa kufundisha kuogelea katika wilaya isiyo na maji.

Kisha likaja tangazo la vyuma. Kijana mmoja alitua chuma chini, marumaru ikapasuka mpaka ukutani. Ule ufa ukawekewa chungu cha maua, na ikaamriwa kuanzia siku hiyo chuma kisiguse sakafu. Mwenye kukinyanyua atakishikilia juu mpaka waje Wapokezi wa Chuma, maofisa wawili wenye glavu nyeupe, wakipokee na kukilaza kwenye mto wa mahameli. Wapokezi walikuwa na adabu sana. Walikuja mmoja kulia mmoja kushoto, wakainamiana kwanza, ndipo wakapokea. Vijana waliosubiri huku mikono inatetemeka walisifiwa kwa uvumilivu.

Na lile la kuanguka? Hakuna aliyeanguka. Kipaza sauti kilisema wazi: "Kijana Feruzi leo ameketi ghafla. Hali yake ni nzuri, ameketi pia kwa kiwiko." Siku nyingine: "Vijana wengine wameketi ghafla, mmoja ameketi kwa meno." Bi Mashavu akisikia hivyo husimama na kata yake mkononi, akisubiri jina. Likitoka jina la mtoto wa mwenzake anashusha pumzi, na akishashusha anaona haya.

Jioni moja, jua likizama, Mama Feruzi alikuja. Aligonga mlango wa uani, akaingia ubavuubavu, amejifunika khanga mpaka puani.

"Mashavu, shoga yangu. Mkono wa mwanangu umevunjika pawili."

"Pole, dada. Nimesikia ameketi."

"Wacha, usinichome. Wewe ulisema."

"Mimi niliuliza tu."

"Basi ulivyouliza." Mama Feruzi akalia kidogo, akanywa uji, akalia tena. Ulikuwa mkono wa kwanza kushika kikombe cha nyumba ile tangu mkutano ule.

"Kesho utakuja uninywee uji mbele, barabarani?" Bi Mashavu akamwuliza. "Watu waone tu. Usiseme neno."

Mama Feruzi akatazama vidole vyake vya miguu. "Nina watoto wengine, Mashavu," akasema, akatoka alikopitia.

Wakaja na wengine. Kila mzazi ambaye mwanawe alikuwa ameketi alikuja kivyake, kwa mlango wa uani, akanong'ona kuwa Bi Mashavu alikuwa na haki, akaomba asitajwe. Naye hakuwataja. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mtaa mzima ulikuwa upande wa Bi Mashavu, ila mmoja mmoja, na kwa mlango wa nyuma. Asubuhi walipita ng'ambo ya barabara wakitazama mawingu.

*

Siku ya uzinduzi ikafika. Kipaza sauti kilitangaza kuwa binti Nusura ndiye atakayenyanyua chuma mbele ya Msawazishaji Mkuu. Atakinyanyua mzee anapoingia, atakishikilia mzee anapovuka ukumbi kwenda kwenye kiti chake cha enzi, na mzee akishaketi, Wapokezi watapokea.

Bi Mashavu alisikia hayo akiwa anaosha sufuria. Hakumaliza kuliosha. Aliingia chumbani, akakung'uta shuka, akavingirisha godoro lake la sufi, lile alilozalia, akalifunga kwa khanga, akajitwika.

Askari wa mlangoni akamzuia. "Godoro la nini, mama?"

"La kukalia, mwanangu. Mimi mtu mzima, mifupa inauma."

Askari akafikiri. Vitu vilivyokatazwa alivijua kwa moyo: visu, mawe, miavuli na maswali. Godoro halikuwemo.

"Swali umebeba?"

"Sina swali safari hii."

"Pita."

Akakaa nyuma kabisa. Watu wakamwachia nafasi ya kutosha, nafasi ya msiba mzima. Sakafu ilikuwa imesuguliwa usiku na mchana, na kwa heshima ya mgeni, mtu mwenye bidii alikuwa ameipaka mafuta ya nazi ing'ae. Iling'aa kweli. Taa za juu zilikuwa chini pia. Ng'ambo ya pili alisimama Nusura katika nguo za taifa, peke yake na chuma chake, mdogo kuliko mama yake alivyomkumbuka.

Bendi ikapiga. Msawazishaji Mkuu akaingia. Viatu vyake vipya vilikuwa vimepigiliwa vyuma visiginoni ili sakafu imwitikie zaidi kuliko ilivyomwitikia mtu mwingine yeyote. Nusura akavuta pumzi, akainama, akanyanyua: kifuani, kisha juu. Mikono ikanyooka. Ukumbi ukashangilia, na Bi Mashavu akasahau hofu kwa kitambo, akasema kwa sauti, "Huyo wangu!" Hakukuwa na mtu jirani wa kumsikia.

Ko! Ko! Ko! Mzee akaja, akipunga mkono. Ko! Ko! Akafika katikati. Ko.

Halafu hakukuwa na ko.

Kulikuwa na miguu ya mzee hewani, viatu vinameta, kisha kukawa na mshindo ambao hauandikiki.

Waziri Makeke alikuwa mwepesi. Uwaziri hauji bure. Alinyakua kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Msawazishaji Mkuu ameketi!"

Makofi. Na kwa kuwa huko mkubwa akiketi hakuna wa kubaki wima, Waziri aliketi palepale alipokuwa, chini. Mabalozi wakaketi chini. Bendi, askari, wananchi, wote chini, kwenye marumaru baridi. Na Wapokezi wa Chuma, watu wenye adabu, wakainamiana, wakaketi, glavu mapajani.

Mzee akajaribu kuinuka. Hakuweza, nyonga ilikuwa imekwenda upande wake. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Wa kumsaidia hakuwepo, kwa maana ukimsaidia umesema ameanguka. Wa kusimama kabla yake naye hakuwepo. "Ameamua kukaa na wananchi wake!" Waziri akasema kutoka chini. Makofi yakapigwa tena, ya kukaa, hafifu.

Katika ukumbi wote ule mtu mmoja tu alikuwa amesimama. Mwenye chuma juu haketi.

Nusura akatazama kulia alipotakiwa kutokea Mpokezi. Akatazama kushoto. Jasho lililopigwa marufuku likamtoka, likamshuka shingoni, likadondoka kwenye mafuta miguuni pake. Wote walimwona. Bi Mashavu naye akawatazama wao: Mama Feruzi, baba wa yule wa meno, wazazi wote wa mlango wa uani, wamekaa safu kwa safu, kila mmoja ametazama vidole vyake. Akangoja. Akasema moyoni, mmoja tu, mmoja akiinuka nitamfuata.

Chuma kikayumba.

Akainuka. Akavua ndala zake, akajitwika godoro, akaanza kuvuka.

"Keti, mama!" "Uchuro huyo!" "Jamani mshikeni!" Lakini ili kumshika ilibidi mtu asimame. Akapita katikati yao taratibu, nyayo tupu, vidole vimeuma sakafu, na sakafu ile iliyowaitikia wakubwa wote haikusema neno. Akampita Msawazishaji Mkuu. Akafika kwa mwanawe, akafungua khanga, akakunjua godoro mbele ya miguu yake.

"Mwanangu, tua."

"Mama, ondoka." Sauti ilikuwa uzi. "Wapokezi watakuja."

"Wapokezi wameketi."

"Mzee hajaruhusu."

"Mzee ameanguka, mwanangu."

Neno lile likaenda mpaka kwenye kuta likarudi. Safari hii hakuna aliyejitemea kifuani. Uchuro ni wa jambo lisilotokea bado.

Nusura alimtazama mama yake kama zamani, alipokuwa juu ya mpera. Na katika kutazama kule, kabla hajaamua, bega lake la kulia likaamua. Lilisema ka, kama kijiti. Chuma kikaja. Kikatua juu ya godoro, puf, mshono ukafumka, na sufi nyeupe ikapanda hewani ikaelea juu ya vichwa vya waliokaa. Nusura akafuata, akaanguka juu ya godoro hilohilo, akalia kwa sauti, na mama yake akampigia magoti, akamkumbatia upande usiouma.

"Mama," ikasema sauti nyuma yao, ndogo, ya mzee. "Mama wee."

"Naam, baba."

"Hilo godoro... lina nafasi?"

Bi Mashavu akageuka akamwona. Alikuwa mzee mwenye maumivu, basi, kofia imemtoka. Akamsimamisha Nusura, akasukuma chuma pembeni, akaliburuta godoro mpaka kwa mzee, akambingirisha juu yake polepole kama anavyobingirishwa mgonjwa.

"Usimwambie mtu," mzee akanong'ona, "kwamba nimeanguka."

"Nimwambie nani, baba? Wote wapo hapa."

*

Kipaza sauti kilitoa taarifa baadaye. Msawazishaji Mkuu alikuwa ameketi na wananchi wake kwa upendo usio kifani, na siku hiyo ingeadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kuketi. Sakafu ilipongezwa. Mheshimiwa Makeke alivishwa nishani kwa kuichagua. Godoro la sufi lilimchukua mzee mpaka hospitali, kisha likapelekwa jumba la makumbusho, likafungiwa kwenye kioo, likapewa jina, Godoro la Mshikamano. Bi Mashavu alikwenda kuliulizia. Akaambiwa analiona vizuri akisimama nyuma ya kamba.

Nusura alirudi nyumbani. Mkono wa kulia haupandi tena kupita sikio. Kopo la sukari liko rafu ya juu, na kila akilitaka hunyanyua mkono, mkono ukafika sikioni ukasimama, naye akasimama nao. Mama yake hulishusha bila kusema kitu. Lile neno taratibu halijatajwa katika nyumba ile tangu siku hiyo. Wanalala kwenye mkeka, mgongo kwa mgongo, na uji bado unaganda utando. Wenye kupita bado wanatazama mawingu, ingawa wengine siku hizi hujikwaa.

Na Kikosi cha Vyuma kimeitisha watoto wapya. Marumaru ni ileile. Chungu cha maua kimeongezwa cha pili.

Bi Mashavu ameanza kushona godoro jingine. Nusura anamsaidia, anachambua mbegu kwenye sufi kwa mkono wa kushoto. Leo wako hivyo, mara mlango wa uani ukagongwa, ule ugongaji wa kucha.

"Mashavu. Shoga yangu, nifungulie. Mdogo wake Feruzi naye amechaguliwa."

Bi Mashavu hakuinuka. Nusura akamtazama mama yake.

"Mlango huo nimeufunga, Mama Feruzi," akasema Bi Mashavu, wala hakupaza sauti. "Godoro lipo, na uji upo. Zunguka upite mbele."

Akainuka, akaenda kukaa barazani, mbele, na kata yake, uso kwenye barabara isiyo na mtu, akisikiliza. Ikiwa nawe una mtoto huko, nyumba ni ile ya nyuma ya jumba, mlango wa mbele uko wazi, huhitaji kubisha. Uji ni wa moto. Ndala za Mama Feruzi bado zimesimama uani, hazijaamua.